Siku Niliyomfukiza Fajr

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa jiko langu, ufagio mkononi, mwanangu kanipa mgongo, na jiko linawaka moto wa buluu ilhali mtungi wa gesi nilishautoa nje kwa woga wangu mwenyewe.

Aliyeanza kusoma leo nimweleze kwa ufupi. Fajr ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na sita. Kazaliwa na seli mundu, maradhi yale ya damu. Akipigwa na baridi kidogo tu, mifupa inamlia. Na hapa Muscat nje jua, ndani kiyoyozi, kila duka, kila skuli, kila gari. Utoto wake wote umepita hospitali. Mpaka daktari mmoja, Dk. Loai, akatwambia kituo chake kinajaribu sindano mpya, inayoifundisha damu ijipashe moto yenyewe kila inapohisi baridi. Tukakubali. Maumivu yakaondoka kama hayakuwapo.

Kisha pazia likaungua bila ya mtu kuligusa. Kisha, harusini kwa binamu yake, makaa yakatoka ndani ya chetezo yakasimama hewani, na ukumbi mzima wa wanawake ukakimbia bila viatu.

Mama mwenzangu uliye na mtoto mgonjwa, nnayaandika haya kwa ajili yako. Cheka ukitaka, lakini soma.

Basi nikaita, "Fajr."

"Usinshtue, Mama. Ukinshtua ntakuunguza."

Kasema hivyo kwa upole, kama mtu anayepiga pasi huku anaambiwa habari.

Moto wa gesi una mvumo wake, kila mwanamke anaujua. Huu ulikuwa kimya. Fajr akanyoosha kidole, moto ukainama upande wa kidole. Akafungua kiganja, ukapanda kiganjani. Akafumba mkono, ukazimika, na mkono wake mzima, hata kovu hauna.

"Umeona?" akacheka. "Unansikia."

"Nani anayekusikia?"

"Moto. Mwanzo ulikuwa unatoka wenyewe tu. Sasa nnauambia njoo, unakuja. Nnauambia lala, unalala."

"Na pale harusini uliuambia nini?"

Kicheko kikakatika.

"Pale walinikalisha chini ya kiyoyozi. Nilisikia baridi. Siku ile sikuuambia kitu, Mama. Ulijiamulia wenyewe."

Nikasema nampigia Dk. Loai saa ileile.

Hapo ndipo aliponigeukia. Nyusi zimeungua, zimebaki vidoti vyeusi kama mchanga.

"Ukimpigia atanchoma sindano ya kuiua ile ya kwanza. Kasema mwenyewe ipo. Na maumivu yatarudi."

"Afadhali maumivu, mwanangu, kuliko..."

"Afadhali kwa nani?"

Nikautazama ufagio wangu.

"Weye umezaa, unaujua uchungu," akasema. "Basi zaa kila mwezi, na mtoto asitoke. Ndio yangu hayo. Leo nnalala, nnaamka, nnapanda ngazi kama wenzangu. Juzi nimekula aiskrimu, Mama! Nimekula aiskrimu sikulia! Halafu weye unasema afadhali?"

Akanisogelea.

"Niapie hutomwambia daktari," akasema. "Wala Baba."

Nikaapa. Nilikuwa bado nimeshika ule ufagio.

Jioni Murshid akarudi. Mume wangu ana gereji yake Wadi Kabir, anatengeneza viyoyozi vya magari. Kaingia tu, pua juu.

"Kunanuka nywele humu."

"Nimechoma kichwa cha mbuzi."

"Kiko wapi?"

"Kimeungua."

"Ewe mwanamke! Hata kichwa cha mbuzi?"

Fajr akacheka mpaka akashika tumbo. Babake naye akacheka, kwa sababu kicheko cha mtoto yule ni kitu alichokisubiri miaka. Nami nikacheka, lakini nilikuwa nnatazama meza. Glasi ya maji mbele ya Fajr ilikuwa inatoka mvuke.

Toka siku ile nyumba ikanibadilikia. Nnakunja shuka zake, nakuta alama za vidole, nyeusi, kwenye mto. Nnaacha unga wa chapati karibu yake, nikirudi umeshaiva juu juu. Paka wetu aliyekuwa akilala miguuni pake, sasa anakaa juu ya ukuta wa uwani anatazama dirisha lake tu, hata ukimwita kwa samaki hashuki.

Kubwa zaidi ni hili. Nilimkumbatia asubuhi moja akienda skuli, sikio langu likaegemea kifua chake. Moyo niliusikia. Na nyuma ya moyo, mbali, nikasikia tss, tss, kama kuni mbichi iliyotiwa motoni.

Nikamwachia.

"Vipi, Mama?"

"Hapana kitu. Nenda, gari inakusubiri."

Niliketi kitako pale pale kwenye ngazi. Kiapo kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikisema, nnamrudisha mwanangu kwenye maumivu. Nikinyamaza, nnangojea nyumba ya nani iungue kwanza.

Alhamisi akaja Bi Ruqaya.

Bi Ruqaya ni mama yake Murshid. Anakaa Qantab, kwenye nyumba yake karibu na ufuko, na Unguja aliondoka zamani lakini Unguja yenyewe haijaondoka mdomoni mwake. Akamshika Fajr uso kumbusu, kisha akautoa mkono mbio.

"Mtoto ana homa huyu."

"Sina, Bibi," Fajr akasema. "Nna joto tu."

"Joto! Nimeshika sufuria zisizo na joto kama hilo. Hebu ntazame."

Akamtazama macho muda mrefu. Fajr akainamisha kichwa, akakimbilia chumbani.

Bi Ruqaya akanigeukia, sauti chini. "Masouda. Huyu ana mtu."

"Bi Mkubwa, mtoto kachomwa sindano za hospitali, hana mtu."

"Sindano zitayarusha makaa harusini? Mie nlikuwepo, au umesahau? Kiatu changu kimoja mpaka leo sijakiona. Mtoto kavaa dhahabu, kapaka udi, kakaa mbele ya macho ya watu mia mbili. Kapandwa. Na aliyempanda ni wa moto, hawa wapo, wanajulikana."

"Sasa tufanye nini?"

"Unaniuliza weye, mtoto wa Ng'ambo ya Unguja? Afukizwe! Ijumaa, baada ya alasiri, kwangu. Mafusho yote, ubani maka, kibokwe, majani ya mkunazi. Afunikwe shuka, atiwe chetezo chini, atavuta moshi mpaka huyo mtu aombe ruhusa mwenyewe."

Wasomaji wangu, nyinyi mnajua nilichokijua. Makaa na mtoto yule havikai pamoja. Nilikijua, nilikiona kwa macho yangu.

Lakini sikilizeni lililonipitia kichwani. Nilisema, kama ni jini, basi ubani utamtoa jini, na sindano itabaki. Moto utaondoka, afya itabaki. Dk. Loai hatojua, kiapo changu hakitovunjika, mwanangu ataendelea kula aiskrimu. Nilipenda iwe jini. Hakuna mtu aliyewahi kuomba jini kama nilivyoomba mie siku ile.

"Ijumaa, Bi Mkubwa," nikasema. "Ishallah."

Fajr nilimwambia ni kufukizwa kwa ajili ya hasadi tu, bibi yake anataka kutoa macho ya watu wa harusini.

"Makaa, Mama? Una akili weye?"

"Bibi yako ndiye anayetaka."

"Mwambie hapana."

"Mwambie weye."

Akanitazama. Hakuna mtoto katika ukoo ule aliyewahi kumwambia Bi Ruqaya hapana, na yeye hakuwa wa kuanza.

Ijumaa Murshid akatupeleka Qantab kwa gari. Ulikuwa mwezi wa kwanza, hewa ya baridi kidogo, ile inayowafurahisha watu wote wa Muscat. Hata hivyo akawasha kiyoyozi mpaka mwisho.

"Baba, zima," Fajr akasema kutoka nyuma.

"Gari ya fundi ikose baridi? Watu watanicheka njiani! Si umeshapona weye? Wacha uonje."

"Baba, tafadhali."

"Kidogo tu, mama yangu. Usikie kazi ya mikono ya babako."

Mie nikaunyoosha mkono nikazima. Lakini tulipokwisha shuka kilima kile cha kuingilia Qantab harufu ya plastiki ilishajaa garini. Murshid akasimama, akafungua mlango wa nyuma. Kiti alichokalia Fajr kilikuwa kimeyeyuka, kimebaki umbo lake, mapaja na mgongo, kama mtu aliyekaa kwenye udongo mbichi.

"Vijana wa gereji hawa!" Murshid akafoka. "Wamenfungia waya wa ovyo! Ungeungua, mwanangu!"

Fajr akashuka. Akanishika mkono, na mkono wake nikausikia umeshapoa. Alikuwa analia.

"Mama," kaniambia sikioni, "leo siupendi. Leo haunsikilizi."

Murshid akarudi zake Wadi Kabir na gari linalonuka. Ningemfuata. Ningemwambia geuza, turudi sote nyumbani. Badala yake nikamshika mwanangu bega, nikamwingiza ndani.

Bi Ruqaya kashatayarisha kila kitu. Kigoda katikati ya ukumbi. Chetezo cha udongo, kikubwa, makaa mekundu yamejaa mpaka juu. Shuka jeupe, zito.

"Kaa, mjukuu wangu. Bismillah."

Fajr akakaa. Chetezo kikatiwa miguuni pake. Bi Ruqaya akarusha ubani, moshi ukapanda wote mara moja, mweupe, mzito, na shuka likashuka juu ya kichwa cha mwanangu mpaka chini. Tukabaki na umbo tu, kama kitu kilichofunikwa kisiingie vumbi.

Aliyewahi kufukizwa anajua. Moshi lazima utoke. Utapenya kwenye shuka, utatoka chini, mwenyewe ndani atakohoa, ataomba atolewe, watu watacheka watamwambia subiri.

Moshi haukutoka.

Bi Ruqaya akasoma. Akasoma tena. Akainama kutazama pindo la shuka. Hata uzi mmoja wa moshi.

"Fajr?" nikaita.

Kimya.

"Mwache," Bi Ruqaya akasema, lakini sauti yake ilikuwa nyengine. "Anahangaika huyo mtu. Mwache aombe ruhusa."

Kisha tukasikia ndani ya shuka mtu anavuta pumzi. Pumzi moja, ndefu. Ikaenda, ikaenda. Nikajikuta nnaihesabu, nikaacha kuihesabu, na bado inavutwa. Hakuna kifua cha mtoto kinachoingia pumzi ile.

Nikalinyakua shuka.

Fajr kakaa vilevile, macho kafumba, uso unang'ara kama mtu aliyetoka kuoga. Chetezo miguuni pake kilikuwa cheusi. Nikakigusa kwa ncha ya kidole, kisha kwa mkono mzima. Baridi. Makaa yale yaliyokuwa mekundu sasa hivi, baridi kama mawe ya kisimani.

"Alhamdulillah!" Bi Ruqaya akapiga makofi. "Katoka! Kaondoka na moto wake! Nlikwambia, Masouda, nlikwambia!"

Nikamkumbatia mwanangu. Paji la uso, la kawaida. Mikono, ya kawaida. Hata ile tss, tss sikuisikia. Nikalia kwa furaha, nikambusu Bi Ruqaya mikono yote miwili, mwanamke ambaye tuligombana naye mwaka mzima kwa ajili ya kabati.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Nimeshiba," akasema.

"Umeshiba nini, hata hujala! Nakuletea halua na kahawa," Bi Ruqaya akasema, akaingia jikoni anaimba.

Wimbo ukakatika.

"Masouda! Jiko la huku limeingia nini? Haliwaki."

Nikaenda. Gesi inatoka, naisikia, nainusa. Kiberiti nikakipiga. Njiti ikakwaruza, hata cheche. Nikapiga nyengine. Nikaimaliza nusu ya kiberiti.

"Kimeingia maji," nikasema.

"Kimenunuliwa jana."

Mlango wa nje ukagongwa. Alikuwa Sabah, jirani, mwanamke wa kucheka cheka, sufuria mkononi.

"Bi Ruqaya, nipashie maziwa ya mtoto. Jiko langu limenigomea. Na la Umm Alaa limegoma. Mume wangu kapiga kiberiti cha sigara mpaka kidole kimevimba, anasema leo Mungu kamwachisha sigara kwa nguvu!"

Alikuwa anacheka. Nyuma yake nikamwona mwanamke mwengine anatoka nyumba ya pili na sufuria yake, na mwengine. Na kule ufukweni, wavuvi waliokuwa wanachoma samaki wao walikuwa wameinama juu ya kuni, wanapuliza, wanapuliza, wanatazamana.

Moto wote wa Qantab ulikuwa umekwisha.

Niligeuka nyuma taratibu. Fajr alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Chini ya ngozi ya shingo yake mishipa ilikuwa inawaka, myekundu, mmoja mmoja, kama waya za hita.

"Nimekwambia nimeshiba, Mama," akasema. "Umekuja wote. Sikuuita, umekuja wote. Sina pa kuuweka."

Sufuria ya Sabah ikaanguka. Maziwa yakamwagika kizingitini, na yalipogusa sakafu ya ukumbi ule yakachemka.

"Sabah, kimbia," nikasema. "Waambie watu watoke majumbani."

Hakuuliza kwa nini. Akakimbia anapiga mayowe.

"Maji!" Bi Ruqaya akapiga kelele. "Mtoe, mpeleke baharini! Moto dawa yake maji!"

Na mie nikaona ndivyo. Nani asingeona ndivyo? Nikamtangulia Fajr, nimeikamata ncha ya mtandio wake, siwezi kumshika mkono, tukashuka mchangani. Kila alipokanyaga palibaki unyayo unaong'aa, mchanga umegeuka kigae. Wavuvi wakatupisha, mmoja akavua kofia akaishika kifuani kama anapisha jeneza.

Mtandio ukaungua mkononi mwangu kabla hatujafika. Akaingia majini peke yake.

"Aah," akasema maji yalipomfika magotini. Akafumba macho. "Aah, Mama."

Mishipa ikafifia. Nikasema, ya Rabbi, nakushukuru. Bi Ruqaya nyuma yangu anasoma na kulia pamoja.

Kisha bahari ikaanza kutoa mvuke.

Ulianza kidogo, kuzunguka miguu yake. Ukapanda. Samaki wadogo wakaibuka, matumbo juu, weupe, wameiva. Fajr akafumbua macho, na nikaona hofu yake, hofu ileile aliyokuwa nayo akiwa mdogo tukiukaribia mlango wa hospitali.

"Mama, maji ni ya baridi," akasema. "Kwa nini unazidi?"

Nikaitoa simu. Ndio, nikaivunja yamini. Nikampigia Dk. Loai.

"Bi Masouda? Kheri?" Anazungumza nami Kiarabu sikuzote, pole pole ili nifahamu. "Nasikia mawimbi. Mko wapi?"

"Fajr anawaka, daktari. Ameuvuta moto wa mji mzima. Nimemtia baharini."

Nikasikia kiti kinasukumwa upande wake wa simu.

"Daktari?"

"Mtoe," akasema. "Mtoe sasa hivi! Mama, sindano ile inafanya kazi kwa baridi! Damu yake ikihisi baridi, inawasha. Ukimpa baridi ya bahari, itajaribu kuipasha moto bahari. Haitosimama!"

"Na nilimfukiza. Kwa makaa."

"Umemlisha," akasema, na nikasikia funguo za gari zinalia mkononi mwake. "Sikiliza. Ninayo sindano ya kuuzima. Naweza kutoka sasa hivi nikaja nayo. Lakini weye ndiye mzazi, nataka neno lako kwanza, maana sitaki kesho uniambie sikukwambia. Nikiuzima, maradhi yake yatarudi yote kwa pamoja. Hayatarudi kidogo kidogo. Wapo ambao damu yao haikuhimili."

"Wapo? Kwani Fajr si wa kwanza?"

"Bi Masouda, nijibu."

"Wangapi, daktari? Wangapi hawakuhimili?"

"Nijibu. Nije, au nisije?"

Mama mwenzangu, tulipopewa sindano ile tuliuliza kila kitu. Inauma? Ina bei gani? Ataweza kusoma, ataweza kuolewa? Sote tuliuliza itaingiaje. Hakuna aliyeuliza itatokaje. Uliza. Hata kama daktari anatabasamu, hata kama mtoto anacheka kwa mara ya kwanza, uliza.

Fajr alikuwa ananitazama kutoka ndani ya mvuke. Uso unaonekana, unapotea, unaonekana.

"Ni yeye, siyo?" akasema.

"Ni yeye."

"Anakuuliza nini?"

Sikumjibu yeye. Nilisema kwenye simu, kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeiba.

"Njoo."

Simu ikakatika. Fajr akatikisa kichwa pole pole. Kiarabu anakijua kuliko mie.

"Uliniapia, Mama."

"Nilikuapia, mwanangu."

Nikangojea moto. Wallahi nilingojea uje unichukue pale pale, na nisingemlaumu. Haukuja. Akajaribu kupiga hatua kuja upande wangu, akainama ghafla, akashika goti kwa mikono miwili, na ule ukelele ukamtoka. Ule wa zamani. Ningeutambua kati ya watoto elfu.

"Inauma," akasema. "Mama, mifupa. Imerudi."

"Vipi imerudi? Daktari hajafika!"

"Siwezi kutoka. Miguu haitaki." Akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa vinawaka mpaka mifupa inaonekana ndani yake, kama unapoweka tochi nyuma ya kiganja. "Njoo unitoe."

Maji kati yetu yalikuwa yanatokota, yanatupa mapovu makubwa.

"Masouda, usiende!" Bi Ruqaya akanishika buibui kwa nyuma. "Anayekwita si yeye! Mtazame macho! Si yeye huyo!"

Nikamtazama macho. Nilitaka kusema ni yeye. Nilitaka sana. Katika mvuke ule yalikuwa macho mekundu tu, hayapepesi, na mdomo wake ulikuwa unalia na wakati huohuo, pembeni kidogo, kama unatabasamu.

"Mama," akasema. "Unanichelewesha."

Nikaliachia buibui mkononi mwa Bi Ruqaya, nikatia mguu majini.